Madungu Mawili Yanayotazamana

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimekaa Stafford, nikaenda Richardson, sasa niko Cedar Hill, yote miji ya ughaibuni, na kila ninapofika natamani kipande cha udongo wa kushika. Kwa hiyo mdogo wa kiume wa mke wangu, nesi aliyekulia Dar es Salaam, aliponiambia kwamba mzee mmoja wa kazini kwao ameturuhusu kuwinda kwenye shamba lake, nililisikia zaidi neno shamba kuliko neno kuwinda.

Tulisoma darasa la wawindaji wapya. Septemba tukapanda ngano na njegere kwenye uwazi uliozungukwa na miti. Kupanda ili mnyama aje ale! Marehemu mama angenicheka. Kwetu Handeni tulipanda tukiomba mnyama asije, na utoto wangu umepita juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia mazao, nikiwangoja nguruwe na ngedere.

Viti vya kuwindia vilipofika, vya chuma, vyenye ngazi ndefu ya kuegemeza mtini, shemeji aliniachia niamue pa kuviweka.

“Wewe ndiye mtoto wa shamba, shemeji. Mimi mahindi nayajua yakiwa yamechomwa.”

Nikaviweka kama tulivyoweka madungu: kimoja upande huu wa shamba, kingine upande ule, vikitazamana. Nyumbani ndivyo ilivyokuwa, walinzi waonane, mnyama akose pa kupenyea. Tukavifunga kwa mikanda, tukapogoa matawi, tukaondoka tumeridhika na kazi yetu.

Novemba, baada ya swala ya alasiri, tulipanda kila mtu kiti chake. Tulikuwa na vizibao vya rangi ya chungwa. Nikajifunga kwenye shina kwa mkanda wa kifuani, nisianguke.

Jua lilipoinama nyuma yangu, akatoka paa dume. Watoto wetu wanamwita dia. Mimi kila mwenye pembe na miguu myembamba ni paa. Akasimama katikati ya njegere, akala. Nilimtazama kwa raha tu. Kisha nikainua macho kumtafuta shemeji, nikaona bunduki yake inapanda.

Mtutu ukiuona kwa ubavu ni mrefu. Ukikugeukia unakuwa nukta. Nilingoja ile nukta irefuke, isogee kando kidogo. Haikusogea.

Darasani tulifundishwa kuangalia kilicho nyuma ya mnyama kabla ya kufyatua. Nyuma ya mnyama nilikuwa mimi, na nyuma yangu jua, linamwingia shemeji machoni. Nikataka kumwita. Nikaogopa atashtuka, afyatue. Nikataka kujishusha, mkanda ukanishika. Vidole vikatafuta pa kufungulia, vikapapasa nguo tu. Nikawaza ni nani atakayempa mke wangu habari hii, nikaona ni ndugu yake huyuhuyu, atasimama mlangoni na kizibao chake. Nikaanza kupiga shahada, ikanikwamia katikati. Mtu anayeitamka kila siku!

Hapo ndipo miguu ilipoanza kutetemeka. Sikuitetemesha mimi. Buti ziligonga chuma cha kukanyagia, kiti kizima kikalia ngo-ngo-ngo, na paa akanyanyua kichwa, akaruka, akapotea.

“Shemeji! Unacheza ngoma huko?” Sauti ilivuka shamba. “Nilikuwa nime-aim kabisa! Mnyama katulia kama anapigwa picha ya pasipoti!”

Nilitoa risasi zangu, nikaishusha bunduki kwa kamba, nikateremka. Alikuja ananung'unika.

“Kapeleke bunduki garini,” nikamwambia. “Na hii yangu. Kisha rudi, upande hapa ukae.”

“Kuna nyoka?”

“Wewe panda.”

Akaenda, akarudi, akapanda akicheka. “Mtu mzima, ndevu zote hizo, unaogopa dia.” Akakaa.

“Sasa tazama kiti chako.”

Nilikuwa chini, sikuuona uso wake. Nilisikia kicheko kikikatika.

“Shemeji.”

“Naam.”

“Nilikuwa nimeshabana pumzi. Kidole kiko kwenye triga.”

Baada ya muda akajaribu kushuka, akashindwa. Ilinibidi nipande hadi nusu ya ngazi, nimshike kifundo cha mguu, niuweke kidato hadi kidato, huku nikimwambia, “Hapa. Haya, na mwingine. Hapa.” Alipofika chini alichuchumaa, akazishika njegere kwa viganja vyote viwili.

“Wewe ulisema mnaviweka hivi,” akasema.

“Kwetu hatukuwa na bunduki.”

Tukaenda kukifungua kiti chake, tukakibeba kupita katikati ya shamba ili kikae ubavuni mwa changu. Njiani paa wawili majike walitoka kwenye miti upande wa kushoto, wakatukodolea macho, wakaanza kula. Bunduki zilikuwa garini. Hakuna aliyegeuka kuzifuata.