Siku Tulipobisha Kitangiri

Sikurudi Singida kumtunza baba. Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba ndicho kilichonirudisha, kazini, misibani, hata kwa kinyozi wa baba, na wote waliitikia kwa heshima. Wengine wakaniita binti wa mfano. Ukweli ni kwamba ndoa yangu ilipokwisha nilipanga nyumba Dodoma, na huko nikagundua kwamba mimi, mwalimu wa Kiswahili mwenye shahada mbili na maoni juu ya kila jambo, siwezi kulala kwenye nyumba isiyo na mtu mwingine. Jokofu likinyamaza tu, nakaa kitandani macho wazi mpaka adhana. Basi nikampigia baba na kumwambia kwamba tangu mama afariki, umri wake haumruhusu kukaa peke yake. Wakati huo baba alikuwa mzima kuliko mimi.

"Njoo basi," alisema. "Njoo unitunze."

Kwa hiyo mdogo wangu wa kiume alipokuja likizo kutoka Tanga, akatangaza kwamba safari hii anaondoka na mzee, akakae naye moja kwa moja, wajukuu wamjue, nilisema ni wazo zuri. Nilianza hata kuchagua nguo za kufunga, kwa sababu Tanga kuna joto.

Baba hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu kwamba hawezi kwenda Tanga kabla hajapanda chombo cha tanga. Ukoo wetu una ugonjwa huo. Babu yake alipanda huku kutoka Pangani na mzigo wa vitambaa, akaoa Mnyaturu, akafungua duka na asirudi tena. Aliwaachia wanawe duka na maneno ya baharini. Baba amezaliwa Singida na ameuza khanga Singida mpaka magoti yakakataa, lakini mtoto akikaa vibaya kwenye kiti anaambiwa atapindua jahazi. Mama, mtu wa Sepuka, alikuwa akimjibu kwa Kinyaturu, na majibu yale sitayatafsiri hapa.

"Watanicheka," baba alisema. "Mtu wa Pangani hajawahi kukanyaga chombo."

"Baba, wewe ni mtu wa Singida," mdogo wangu akasema.

"Ndiyo maana watanicheka."

Tukaenda ziwa Kitangiri. Tuliteremka mlima wa Sekenke kwa gari la mdogo wangu, tukakunja Shelui, tukaifuata barabara ya vumbi mpaka majini. Huko tukampata mvuvi mmoja wa Kinyiramba, mtu wa makamo, mwenye mtumbwi wa mbao na tanga lililoshonwa kwa viroba vya sukari. Alimpa baba shikamoo, kisha akauliza ni nani kati yetu anajua kuogelea. Tukatazamana.

"Basi kaeni chini," akasema.

Kwenda kulikuwa rahisi. Tulipita kandokando ya ziwa, upepo mgongoni, matete upande mmoja na maji ya rangi ya chai ya maziwa upande wa pili, mpaka kijijini ambako shemeji wa mvuvi anakausha samaki. Baba alikaa mbele, kofia ameishika kwa mkono. Mdogo wangu alipiga picha. Mimi niliutazama mgongo wa baba, nikawa nawaza nani atakayekula nusu ya pili ya sufuria ya ugali. Ni wazo dogo sana kwa ziwa kubwa vile, lakini ndilo nililokuwa nalo, na halikunitoka mpaka tulipofika.

Wakati wa kurudi upepo ulitugeukia usoni. Mvuvi akaanza kushusha tanga ili achukue pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo.

"Usishushe," baba akasema. "Tutabisha."

"Sibishani na wewe, mzee wangu," mvuvi akasema. "Upepo ndio unaokataa."

Mdogo wangu alicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Baba akaeleza, taratibu, kama anayempimia mteja kitambaa: kubisha chombo ni kwenda kinyume cha upepo kwa kukata upande upande. Unaelekea huku kama uliyepotea, unageuza tanga, unaelekea kule, na mwisho unafika.

"Kumbe kukata kona," mvuvi akasema.

Alikubali kwa sababu mzee ni mzee. Baba akashika kafi la kuongozea, mimi nikapewa kamba ya tanga. Tulikata kuelekea kati ya ziwa, mvuvi akanisaidia kugeuza tanga, tukaanza kurudi upande wa matete, na kweli tulikuwa tunasogea. Hapo mdogo wangu, akijua hakuna anayeweza kuinuka na kuondoka, akaanza.

"Baba, Jumamosi tunaondoka. Lakini sijasikia neno lako." Baba akaendelea kuongoza kwa kafi. "Na dada naye hana neno. Dada mwenye maneno yote."

Nilitazama matete yakija.

"Bisha, mwanangu," baba akasema kwa sauti ya chini. Kisha tena: "Bisha sasa."

Maana yake alikuwa ameieleza punde tu, na mimi mwenyewe nimewahi kumkata mwanafunzi alama kwa kutoijua. Lakini nyumbani kwetu neno hilo nililisikia kwa namna moja tu, usibishe, na hakuna aliyewahi kuniambia nibishe. Nikadhani napewa ruhusa.

"Baba, sitaki uende," nikasema. "Nitabaki na nani?"

Mdogo wangu akanigeukia. Mvuvi akatazama maji.

"Tanga, mwanangu," baba akasema. "Geuza tanga."

Tukaingia kwenye matete kwa kishindo kama ng'ombe aliyevamia shamba la mtama. Viroba vya sukari vikatufunika wote wanne.

"Sasa hapa ndiyo tumebisha?" mvuvi akauliza kutoka chini ya tanga.

"Dada, umesema nini?" mdogo wangu akasema.

"Nilikuwa natania."

"Unalia."

"Upepo huo."

Nikabisha hivyo hivyo, kwa Kiswahili chetu cha huku bara, njia nzima huku mvuvi akitusukuma kwa pondo. Baba alikuwa anatoa majani kwenye kofia yake.

Jumamosi waliondoka. Baba alisema anakwenda kutembea tu, mvua zikianza atarudi. Nikamwambia akae atakavyo. Majirani niliwaambia napumzika. Nililala na redio ikiwa inaongea badala ya pumzi za baba chumba cha pili, na kwa kuwa mkono wangu haujui kusonga ugali wa mtu mmoja, kila asubuhi nilikula kiporo. Mvua zilianza. Watu walipanda, wakapalilia. Sikumuuliza, kwa sababu mtu aliyesema anatania hana pa kuanzia.

Baba alipiga simu mchana mmoja, nikiwa nasahihisha mitihani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Chumba changu umekifanyaje?"

"Kipo kama ulivyokiacha. Nakifagia."

"Toa vitu vyangu. Weka mpangaji."

Nyuma yake nilisikia watoto wakigombania kitu, na mdogo wangu akiwakemea.

"Kwa hiyo hurudi," nikasema.

"Nitakuja kuwasalimia."

"Kumsalimia nani na nani? Niko peke yangu."

"Wewe na mpangaji. Mtafute mwanamke, mtu mzima. Na awe anakoroma."

"Akorome kwa nini, baba?"

"Mimi mlango wangu usiku nilikuwa siufungi. Ulidhani ni joto? Singida?"

Niliweka kalamu chini.

"Mpangaji atafunga, ni haki yake," akasema. "Kwa hiyo awe anakoroma."