Nukta Nyekundu ya Mama

Sauti ya besi ikipanda kanisani siku hizi mimi hukunja uso, na wanaokaa karibu nami hudhani nasumbuliwa na tumbo. Ninasumbuliwa na mtu. Aliimba besi katika kwaya yetu hapa Tawa, alipiga picha za harusi na mazishi ya kijiji kizima, na nilipotaka kununua kamera sikufikiria kumwuliza mwingine.

Kamera ningeishika mimi, lakini haja ilikuwa ya mama. Baada ya watoto na wajukuu, baba alikuwa ameamua hatimaye kupeleka mbuzi wa ntheo kwa ukoo wa mama, huko juu Mbooni. Kwetu Wakamba mwanamke anaweza kuzaa, kulima na kuzeeka kwa mume, lakini mbuzi hao wasipotolewa, hajaolewa. Shangazi, dada ya baba, hakumwacha mama asahau. Wakikosana hata juu ya kuku, alimwita mgeni. Kwa hiyo mama alitaka picha moja tu: mbuzi wakikabidhiwa kaka zake, yeye akiwa kando. Angeitundika mkabala na kiti anachokalia shangazi akija. Za simu hakuzitaka. Simu yangu ilitumbukia chooni na picha zote za babu, na tangu hapo mama husema picha za simu hufa na simu.

Tulienda mjini Wote pamoja, mimi na huyo ndugu wa besi. Dukani nilipenda kamera moja nyeusi, nzito kidogo, ambayo muuzaji alisema betri yake hukaa na chaji siku nzima. Ndugu akaitoa mkononi mwangu taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Hiyo itakusumbua, sister. Chukua kama yangu. Betri ni zile zile, tutasaidiana."

Nikachukua kama yake. Akanichagulia na betri mbili za akiba, akazikagua, akakataa moja iliyokuwa na mikwaruzo, ikabadilishwa. Nilimwona malaika.

Nyumbani mama alitoa kichupa chake cha rangi ya kucha. Hajawahi kupaka kucha maisha yake yote. Rangi ile ni ya vyombo. Sahani na sufuria zetu huazimwa kila penye sherehe au matanga, na kila mama ana alama yake, la sivyo atarudishiwa vya watu. Yake ni nukta nyekundu. Akazipanga betri zote tatu mezani, akazipiga nukta.

"Mama, hizi si sahani," nilisema nikicheka.

"Zitatoka nje ya hii nyumba?"

"Ndiyo."

"Basi ni sahani."

Wiki ya ntheo transfoma ya upande wetu ililipuka, stima ikapotea. Ndugu akasema nimpe betri azichaji studio kwake, ana sola. Alizileta mwenyewe jioni kabla ya safari, ndani ya kimfuko. Mama akazipokea, akachungulia, akanipa bila neno. Nikazitia kwenye mkoba bila kuzitazama.

Mbooni kulikuwa na baridi, na mbuzi hawakutaka kupanda ule mlima. Walipofika langoni nilipiga picha moja, kamera ikazima. Nikaweka betri ya pili, ikawaka na kufa papo hapo. Ya tatu haikuwaka kabisa. Mama alisimama kando ya kaka zake, kitambaa kipya kichwani, akinitazama. Simu zilikuwa zimeshatolewa kila upande, lakini yeye alinitazama mimi. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo ndugu, aliyealikwa na mama mwenyewe, akajitokeza na kamera yake shingoni.

"Pole, sister. Wacha nisaidie."

Watu walimshukuru Mungu kwa ajili yake. Akampanga mama, akawapanga mbuzi, akapiga picha hadi chaji ikamwishia. Akabadilisha betri, na ile iliyoisha akaiweka mezani kati ya soda. Ilikuwa na nukta nyekundu.

Kumbe aliniona mwizi wa kazi yake tangu siku ile dukani! Alikuwa amenitwika betri zake mbovu, zilizofanana na zangu, ili nifedheheke mbele ya ukoo na yeye awe mwokozi. Nilitaka kumrukia. Lakini shangazi alikuwa pale na soda yake, na ugomvi siku hiyo angeusimulia hadi kaburini. Nikaifungia kamera mkobani.

Mama alikuja kukusanya chupa. Akaiona betri, akaiokota, akaipangusa kwa leso.

"Hii ni ya kwangu," alimwambia, kwa sauti ile ile ya kudai sufuria. "Na zile zingine?"

Ndugu alifungua kamera na mfuko wa suruali, akampa zote, bila kuinua macho.

Picha aliyoipiga ndugu ipo ukutani sasa, na shangazi huketi akiitazama. Tulipokuwa tukiosha vyombo siku moja nilimwuliza mama alijuaje upesi vile.

"Niliona zikirudi bila alama."

"Mbona hukuniambia?"

Alisugua sufuria kwanza. "Nilidhani ni wewe umeifuta kabla ya kumpa, mwanangu. Nilidhani unaona haya nayo mbele ya watu."

Kwenye picha mama anatabasamu kidogo tu. Wageni husema ni adabu ya wazee. Mimi najua alikuwa akidhani nini, na hilo ndilo siwezi kumsamehe yule mtu.