Bustani Iliyokatwa kwa Mkasi

Udongo wa nyumbani kwa Fundi Futi ulikuwa na tabia za shemeji mbaya: ukiazima kitu, haurudishi. Kiangazi ulipasuka nyufa za kupitisha mkono mzima, na mvua ikigusa tu, ukageuka gundi. Ulikuwa mfinyanzi halisi, mzito, mwekundu, wa kufinyangia vyungu. Ulishameza ndoo, ukameza kandambili zisizo na idadi, ukakaribia kummeza jogoo wa jirani. Jogoo huyo aliokolewa akiwa amebaki kichwa na shingo, na tangu siku hiyo aliwika kwa kusitasita.

Mwenye uwanja huo alikuwa fundi cherehani. Waliomwita Fundi Futi walikuwa na sababu: futi yake ya kupimia haikutoka shingoni. Alikwenda nayo msikitini, sokoni, misibani. Wengine wanasema alioga nayo, nami sina sababu ya kuwabishia.

Siku moja mkewe alikuwa akitoka kwenda kwenye harusi ya mpwa wake, kavaa viatu vipya. Hatua ya tatu kutoka mlangoni, udongo ukamshika mguu wa kushoto. Mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Mama wa watu akasimama kwa mguu mmoja, kashika ukuta, anangoja mumewe avute kiatu. Fundi akachuchumaa, akaivua futi shingoni, akaizamisha kwenye shimo.

“Kimeenda chini inchi kumi na moja,” akatangaza.

Mkewe akamtazama. Akasema bila kupandisha sauti, na hapo ndipo Fundi alipojua kuwa mambo yameharibika.

“Baba, binti yako ana ua wa vigae, na chumba kipo kitupu kinaningoja. Mvua zijazo zikinikuta bado nakanyaga uji huu, mimi nahamia kwake. Nataka njia ya kupita na viatu vyangu vyote viwili. Na nataka nyanya chini ya dirisha la jikoni, ninyooshe mkono nichume. Ukishindwa, baki na cherehani yako.”

Haya hayakuwa maneno ya mkate na chai. Fundi asingeweza kumfuata huko, kwa kuwa cherehani yake aliijengea sakafuni kwa saruji mwaka ule wa wezi. Na kubaki peke yake hakuweza pia. Miaka thelathini na moja alikuwa akimwita mke wake “bibi harusi”, mbele ya watu na nyuma ya watu, na hakuwahi kulala usiku hata mmoja bila kumsikia akilalamikia mto. Aliogopa, na aliogopa kwelikweli.

Basi akaanza kazi kwa njia pekee aliyoijua. Alinunua karatasi za kaki, akazitandaza uwanja mzima, akazikandamiza kwa mawe, akachora bustani kwa chaki ya fundi: matuta, mitaro ya maji, njia. Akakata kwa mkasi. Kila kipande akakiachia nusu inchi ya mshono.

Jirani yake, nesi mstaafu aliyefuga kuku, akaegemea ukuta.

“Fundi, unaushonea uwanja suruali?”

“Gauni,” Fundi akajibu, pini zikiwa mdomoni.

Upana wa njia hakuhitaji kuuliza. Vipimo vya mkewe alivijua kwa moyo, kiuno na nyonga, tangu siku alipomshonea gauni la harusi. Akavitumia vilevile vya siku ile, akavigawa kwa mbili kama mbele na nyuma ya gauni, akaongeza nusu inchi, akamwaga kokoto humo, akaridhika. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga. Ya Fundi Futi ilikuwa nyembamba pia, lakini tusitangulize mkia.

Mvua zile zilipokatika akachimba udongo ungali mbichi. Jua likawaka, na asubuhi moja akaamka kukuta hana matuta, ana matofali. Akayapiga nyundo. Akayamwagia maji. Mwishowe akawasha pasi ya mkaa, akaanza kuyanyoosha, tofali moja baada ya jingine, akinyunyizia matone kama anavyofanya kwenye kola za mashati. Nesi alivumilia mpaka tofali la nne, kisha akapita getini. Akaokota donge, akalilowesha, akaliviringisha viganjani likawa kamba ndefu isiyokatika.

“Udongo huu si maskini, Fundi. Una chakula kingi, haupumui tu. Usiuchimbe tena ukiwa umelowa. Inua matuta, weka samadi ya kuku wangu, changanya na chochote kinachooza. Ukishapanda, usikanyage.”

“Chochote kinachooza?”

“Chochote.”

Fundi akaingia ndani, akainama uvunguni mwa kitanda. Kule kulikuwa na magunia ya mabaki ya vitambaa, ya tangu alipoanza kushona. Pamba huoza, hilo halihitaji nesi. Akafukia tuta la sare za shule, tuta la mashati, tuta la mapazia ya watu waliokwishahama mtaa. Juu akaweka samadi na udongo, akapanda mchicha na biringani na nyanya. Vikaota kwa fujo. Biringani za tuta la mapazia zilinawiri hadi zikawa zinazuia dirisha la chumbani, jambo ambalo Fundi aliliona ni la haki.

Lakini tuta la chini ya dirisha la jikoni, lile la bibi harusi, halikustahili mapazia. Akaleta kopo la biskuti alilolificha juu ya kabati. Ndani mlikuwa na mabaki ya gauni la harusi: hariri tupu. Mama mkwe aliambiwa hariri, wageni waliambiwa hariri, na kila mteja aliyekuja kupimwa alisimuliwa hariri ile. Fundi akayapiga pasi mabaki hayo, akayatandaza chini ya shimo bila kunyanzi hata moja, akafukia. Alikuwa karibu kulia kwa furaha.

Matuta yote yakastawi. La dirishani likageuka manjano. Maji yalisimama humo kama kwenye beseni, nyanya zikanywea. Fundi akaingiza kidole mpaka chini, akagusa kitu laini, kinachoteleza, kizima, bila dalili ya kuoza. Ndipo yote yakamrudia kwa mpigo mmoja, akakaa palepale kwenye matope.

Haikuwa hariri. Alimwahidi mama mkwe hariri, ndiyo, lakini wiki ya harusi madukani haikuwepo hata shubiri moja. Akanunua kitambaa cha kiwandani kinachong'aa, cha nyuzi za plastiki, akasema uongo mdogo wa siku moja. Kesho yake akausema tena. Aliusema kwa miaka mingi hata yeye mwenyewe akausadiki.

Angeweza kwenda kumwambia mkewe. Badala yake, kila alfajiri alianza kung'oa miche mizima kwenye matuta mengine na kuihamishia dirishani kabla mkewe hajaamka.

“Baba, jana nyanya zangu zilikuwa na maua. Leo hayapo.”

“Zimeona haya.”

“Na juzi zilikuwa ndefu.”

“Nimezipunguza upindo.”

Mvua zikaja. Binti akapiga simu kuwa gari litafika mchana, mama mwenyewe aamue. Mkewe akafungasha sanduku, kwa lolote litakalokuwa, akavaa viatu, akaijaribu njia. Viatu havikuzama, vyote viwili. Ila ilimbidi apite ubavu-ubavu, akishika biringani zilizoinamia njia huku na huku. Akarudi jikoni, akafungua dirisha, akanyoosha mkono kwenye nyanya. Mche ukamfuata mzimamzima, mizizi imeoza.

Akatoka na jembe.

“Usichimbe hapo, bibi harusi,” Fundi akasema, akijikinga mbele ya tuta.

“Kuna nini?”

“Hakuna kitu.”

“Basi sogea.”

Akapiga jembe mara mbili, akainama, akavuta. Kitambaa kikaanza kutoka, kipande baada ya kipande, cheupe. Mvua ikakisuuza mikononi mwake kikang'aa kama siku kilipokatwa. Nesi kule ukutani akaona ni vyema aende akawaangalie kuku wake.

“Gauni langu,” mkewe akasema. “Hariri, sivyo?”

Fundi akafungua mdomo. Alitazama sanduku lililosimama mlangoni, akatazama ile njia.

“Si hariri,” akasema. “Haikuwa hariri. Nilikudanganya, wewe na mama yako na dunia nzima.”

Mkewe akacheka, akacheka hadi akalazimika kujishikiza kwenye jembe.

“Nililowa jasho siku ile kama niko ndani ya mfuko wa nailoni! Nilijua kabla hatujafika ukumbini.”

“Mbona hukusema?”

“Nilingoja useme wewe. Miaka thelathini na moja nangoja, hadi udongo umeamua kukusemea.” Akakikunja kitambaa mara moja, akakikunjua. “Halafu, baba, hariri ingeoza.”

Akakichana vipande virefu, akaenda kwenye tuta la mashati, akaanza kuzifunga nyanya nzito kwenye miti yake. Gari likapiga honi nje, akamwambia dereva amsalimie binti yake, ana kazi. Kisha akasimama katikati ya njia, biringani zikimkaba pande zote mbili.

“Njia hii umemkatia msichana gani? Mimi simjui. Lete futi unipime upya.”

Fundi akaivua futi shingoni. Akaizungusha nyonga za mkewe, akaivuta ikakutana, akaisoma namba kwa sauti kama ilivyokuwa, bila kupunguza hata nusu inchi.

“Haya,” mkewe akasema. “Ongeza na ya mshono.”