Baba Nani

Jina la mtoto sitaliandika hapa. Si langu la kutoa, kama ambavyo mtoto mwenyewe hakuwa wangu, na hilo ndilo linaloniuma. Mahali pa jina lake nitaweka Nani. Mimi basi nilikuwa Baba Nani, na kwa miaka kadhaa pale Kileleshwa hakuna aliyeniita kwa jina jingine.

Aliyenibatiza ni mama mboga wa getini, wiki ile tuliyohamia. Aliniona nimembeba mtoto begani, mama yake akifuata nyuma na ndoo ya vyombo, akimwita mtoto kwa jina atulie. Kesho yake akanisalimu, "Sasa, Baba Nani." Hakuuliza kitu. Nairobi mtu mzima mwenye mtoto begani haulizwi. Mlinzi akalidaka kutoka kwake, kinyozi akalidaka kwa mlinzi, na mwezi haujaisha hata mwenye kuuza gesi alikuwa ananipigia simu kwa jina hilo. Ofisini, Upper Hill, nilikuwa jina la ukoo kwenye kadi ya kufungulia mlango. Kwetu Machakos nilikuwa kitinda mimba, wa kutumwa chumvi hata nikiota mvi. Pale getini tu ndipo nilipokuwa mtu mzima na heshima zangu.

Sikumsahihisha yeyote. Ningesema nini? Kwamba mtoto alinijia akiwa tayari anatembea, kwamba baba yake yuko Uarabuni na simu hapigi? Mambo kama hayo hayasemwi mbele ya nyanya na vitunguu.

Mtoto naye alilisikia jina hilo kila jioni, akaliamini. Mwanzoni hakuwa ananiita chochote, alikuwa akinivuta shati tu. Halafu siku moja, mbele ya kibanda cha maandazi, akaniita baba, kwa sauti ya mtu ambaye ana njaa na hana habari kwamba amesema jambo kubwa. Nilimnunulia mawili. Langu nililila nimegeukia ukuta, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka.

Mama yake aliniambia akiwa amekaa kitandani, anakunja nguo. Baba wa mtoto amerudi. Wamezungumza, na wazee wa pande zote mbili nao wamezungumza. Amepanga nyumba karibu na Adams Arcade, na wao watahamia huko mwisho wa mwezi. Hakunisingizia kosa lolote. Angenitukana ningepata pa kushika. Nilimuuliza, na mimi je? Akasema, "Wewe ulitusaidia sana."

Nililichukia neno hilo na ninalichukia mpaka leo. Kusaidia ni kusukuma gari la mtu lililokwama kwenye matope. Tunaambiwa kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, lakini wazee walipokaa kuamua sikusikia hata mmoja akiikumbuka methali hiyo.

Wakaondoka, jina likabaki. Hapo ndipo nilipoanza kuteseka. Mlinzi aliniuliza asubuhi, Baba Nani, mtoi ako wapi siku hizi? Mdomo ukajibu kabla yangu: ako kwa shosho, kwa nyanya yake. Njia ya mwongo ni fupi, najua, ila yangu niliivuta kwa kila hali. Shosho akaugua, ikabidi mtoto akae zaidi. Nikaendelea kununua ndizi mbivu, ambazo sizipendi hata kunusa, kwa kuwa Baba Nani hununua ndizi. Zilikuwa zinaoza mezani, nazitupa, nanunua nyingine.

Huenda wanaosomea akili za watu wana neno lao la hali hiyo. Mimi najua tu kwamba kutwa nzima ofisini nilikuwa kama maiti, na nilipoitwa pale getini nilifufuka, nikapanda ngazi nikiwa na mtoto, nikafungua mlango nikiwa sina. Nilifikiria kuhama. Nikaogopa, kwa sababu huko nitakakohamia nani angejua kwamba niliwahi kuwa baba wa mtu?

Mama mboga akakutana na mama wa mtoto pale Adams Arcade, akampa pole ya shosho. Mama wa mtoto, kwa aibu, akajibu kwamba shosho anaendelea vizuri. Kisha akanipigia simu. Hakupandisha sauti. Alisema mtoto anachanganyikiwa, kwamba nimemfanya yeye, mama yake, naye kuwa mwongo, kwamba niwaambie watu ukweli. Nikaahidi. Kila jioni nilitoka kazini nimeipanga sentensi kichwani, nikafika, nikaitwa, nikaitika. Kuitika tu. Sikuweza kuacha.

Jumamosi moja ilibidi waje kuchukua kitanda cha mtoto na baiskeli. Nilidhani angekuja mama yake. Akaja mwanamume mwenyewe na pikapu ya kukodi, mtoto kando yake. Alinisalimu kwa mikono miwili, akaniita ndugu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini nilipoona kipaji cha uso wake nilikuta ni kile kile nilichokuwa nakipaka mafuta kila asubuhi. Tulikibeba kitanda pamoja kwenye ngazi, yeye mbele na mimi nyuma, tukaambiana pole kwenye kila kona.

Getini tukakitua tupumzike. Mama mboga akamwona mtoto, akafurahi kweli kweli.

"Baba Nani," akaita, "kumbe mtoi amerudi."

Tuligeuka wote wawili.

Mtoto alikuwa katikati yetu ameshika baiskeli. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, kisha akaingiza mkono wa sweta mdomoni, kama afanyavyo akipelekwa kudungwa sindano. Mama mboga akaweka kisu chini. Mlinzi akatoka kibandani mwake. Sote tulikuwa tunamngoja yeye, mtoto wa miaka saba, atuambie ni nani aliyeitwa. Na mimi nilitaka aseme. Mungu anisamehe, nilitaka anichague mimi pale pale, mbele ya watu wangu, mwanamume yule asikie, arudi hukohuko alikotoka. Nilimwangalia usoni nikimwomba. Aliona kwamba namwomba, akazidi kuitafuna sweta mpaka ikalowa.

Nikamshika bega yule mwanamume.

"Baba yake ni huyu," nikamwambia mama mboga. "Mimi nilikuwa nakaa nao tu."

Mtoto akautoa mkono wa sweta mdomoni. Tukapakia kitanda, tukapakia baiskeli, tukafunga kamba. Alinipungia mkono dirishani, kwa adabu, kama nilivyomfundisha kuwapungia wageni. Mama mboga alikuwa ameinamia sukuma wiki yake anaikata, hataki kuinua macho.

Jumatatu nilipita pale nikitoka kazini. Alikuwa na wateja, nikasubiri wakaisha. Nilimwona anatafuta neno. Alifuta mikono kwenye leso, akatazama nyanya zake, akanitazama mimi, kisha akasema kwa heshima zote alizokuwa nazo, "Karibu, kastama."