Sufuria za Mama Juu ya Injini

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mwanangu kuogelea ziwani Hässelby, hapa Uswidi, ikapita boti moja ndefu, nyembamba, inakohoa moshi mweusi. Mwanangu akaziba pua. Mimi nilisimama pale na taulo mkononi, nikaivuta hewa ile, maana harufu ile ya dizeli ndiyo harufu aliyokuwa nayo baba yangu kila Jumamosi.

Tulikaa Norsborg, mwisho kabisa wa reli. Baba aliendesha basi. Yeye na jirani yetu Mtanzania, aliyekuja zamani kusomea ufundi akasahau kurudi, walinunua boti chakavu ambayo kila mwenye akili alikuwa ameikataa, wakaipiga msasa na rangi mpaka ikapendeza. Mama hakuikanyaga. Wewe ungemlaumu? Alivuka Ziwa Tanganyika akikimbia vita, mimba yangu tumboni, injini ikazimika katikati ya maji na wakakaa humo siku nzima. Tangu hapo maji aliyoyaamini ni ya bomba tu.

Baba alimbembeleza mwaka mzima. Alikuwa mtu wa Uvira, amelelewa na ziwa lile lile, na alichotaka duniani kilikuwa kimoja: mkewe akae mbele ya boti ile, atulie. Siku mama alipokubali, baba alinyoa ndevu mara mbili. Lakini mama alisema wazi, "Mara hii moja. Nikiogopa, usiniombe tena."

Basi tukapanda, mama na sufuria zake, maana kwetu huwezi kutoka na mume na jirani halafu uwape mkate na jibini. Ugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo na ndagala, dagaa wa kwetu, wa kukaanga, vyote vya moto. Akatafuta pa kuvitunzia joto. Nyuma ya boti, juu ya injini, palikuwa na bati lenye matundu, lina joto zuri. Akapanga sufuria pale, akazifunika kwa blanketi na vitenge viwili, akabana pembe zote kama tunavyofanya wageni wakichelewa. Nilimwona. Nilikuwa na miaka tisa na njaa, nikaona ni akili nyingi sana.

Katikati ya ziwa la Mälaren injini ilikohoa, ikatoa moshi, ikanyamaza. Mama alishika ukingo kwa mikono miwili, akaanza kusali chini chini, midomo imemkauka. Nilimwambia kwa Kiswidi kuwa hakuna hatari, hata hakunisikia.

"Shemeji, tulia, ufukwe ule pale," jirani alimwambia, huku yeye mwenyewe jasho linamtiririka.

Baba alikwenda nyuma, nami nikamfuata. Akaliona blanketi limeziba matundu yote, injini imekosa hewa. Alinitazama, akaweka kidole mdomoni. Alizisogeza sufuria polepole, akangoja injini ipoe, kisha akajipaka grisi mikononi makusudi na kurudi mbele.

"Kosa langu," alisema. "Dizeli ilikuwa na uchafu, sikuichuja. Nisamehe, mama watoto."

Jirani, aliyeichuja dizeli ile kwa mikono yake asubuhi, alifungua mdomo. Baba akamtazama. Akaufunga.

Injini ikawaka. Baba akageuza boti kuelekea nyumbani, uso umemshuka, maana alijua ndiyo basi tena. Hapo mama akauliza tunarudi kufanya nini na chakula hakijaliwa. Tulikula palepale juu ya maji, sombe imeshapoa, na majira yale yote ya joto mama alikuja kila Jumamosi. Baba akawa anapiga mluzi mpaka kazini.

Sasa boti imeshauzwa, jirani hatimaye amerudi Tanga, na baba tulimzika miaka mitatu iliyopita. Tulipotoka Hässelby nilipitia kwa mama, Hallunda, nikamtobolea siri ya sufuria. Alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu nikamuuliza uoga wake uliisha vipi siku ile.

"Haukuisha," alisema. "Kila Jumamosi nilitetemeka tangu kupanda mpaka kushuka. Ningefanyaje, na yeye amefurahi vile?"

Nimekaa na maneno hayo wiki nzima. Natamani baba angeyajua, halafu nakumbuka kwamba angeyajua, boti angeiuza siku hiyo hiyo.