Maulidi ya Ini la Mjomba

Mtu asiye na kazi ndiye hutumwa hospitali. Ndiyo maana mimi, niliyeacha shule darasa la sita nikawa utingo wa malori, kisha kibarua wa bandarini, kisha si kitu, nilipewa kazi ya kumsindikiza mjomba kuchomwa ini.

Mjomba aliuza nazi za jumla Kariakoo. Ilikuwa ile miaka serikali imeanza kuruhusu kila kitu: redio za Dubai, mitumba, maghorofa, hata hospitali za watu binafsi. Moja ilifunguliwa juu ya duka la vitambaa. Daktari wake alikuwa Mhindu mzaliwa wa mjini hapahapa, aliyesomea Bombay, na alikuwa na mashine ya kutazama ndani ya tumbo. Alimkuta mjomba na vivimbe viwili vya saratani kwenye ini. Akawa anavichoma kwa spiriti, kwa sindano ndefu, huku akiifuata sindano hiyo kwenye kioo cha mashine.

"Daktari, mimi Mwislamu," mjomba alisema akiwa amelala chali. "Unanilevya?"

"Atakayelewa ni uvimbe, mzee, si wewe."

Tulicheka wote watatu.

Siku ya mwisho, mjomba alipokuwa anavaa shati, nilimuuliza daktari kama ugonjwa utarudi. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinionyesha picha na kunieleza. Vivimbe vilikuwa viwili, si kimoja: hiyo ni ishara. Ini lenyewe lilikuwa na makovu ya homa ya ini ya zamani: ishara nyingine. Kipimo cha damu kilishuka, lakini hakikufika alikotaka.

"Siwezi kukutajia siku," alisema. "Ila ini kama hili mara nyingi linazaa tena. Mlete kila baada ya miezi mitatu. Uvimbe ukirudi mdogo, nauchoma. Ukirudi mkubwa, nitakuwa natazama tu."

Nilishuka ngazi nimefurahi, kama mtu aliyeonyeshwa namna ya kumkwepa adui. Kumbe ugonjwa unaweza kusomwa kabla haujafika!

Nyumbani, mke wa mjomba alikuwa ameshapanga maulidi ya shukurani. Turubai lilifunga mtaa mzima. Shehe aliomba dua, watu wa sokoni wakala pilau mpaka wakalegeza mikanda, na kila mmoja akampa mjomba mkono wa hongera. Nilimsogelea karibu na masufuria nikamwambia asisahau miadi, kwa sababu ugonjwa ule hurudi.

Mkewe alisikia. "Tema mate!"

"Nimesema alichosema daktari."

"Tema mate chini! Pilau halijapoa, unamchuria mume wangu?"

"Mwacheni," alidakia jirani muuza dagaa, mdomo umejaa. "Hana kazi, sasa kapata ya kupiga ramli."

Walicheka. Mimi sikutema. Niliona mate hayafuti kovu.

Kesho yake nilimfuata mjomba sokoni. Alikuwa anagonga nazi, anaitikisa sikioni, mbovu anaitupa pembeni.

"Mjomba, lundo hili si umelichambua juzi?"

"Nazi mbovu harabu ya nzima. Juzi si leo."

"Basi na ini."

Aliweka nazi chini. "Nazi hazikusomewa maulidi. Nikirudi kwa yule daktari baada ya shukurani ile, nimemwambia Mungu sikuamini. Na mke wangu hatalala. Niache nipone, mpwa wangu."

Baada ya hapo nilikatazwa kukanyaga nyumbani kwake. Nilihamia Buguruni, nikalala chumba kimoja na mafundi magari. Miadi ilipofika nilimtuma msukuma mkokoteni kumkumbusha. Jibu likarudi: mwambie mimi mzima. Ilipofika ya pili, jibu lilikuwa lilelile.

Nilipomwona tena, macho yake yalikuwa ya manjano. Mikono imekwisha, tumbo limetangulia. Soko zima lilikuwa limeona. Watu wanaotambua nazi yenye ufa kutoka ng'ambo ya barabara walimtazama usoni kila asubuhi, wakamwambia amenawiri. Kusema kungekuwa uchuro.

Siku hiyo nilipomwambia twende kwa daktari, hakubisha. Tulipanda ngazi tukipumzika kila kituo. Daktari alipitisha kifaa chake tumboni kwa muda mrefu, halafu akamfuta mafuta ya kile kifaa kwa mkono wake mwenyewe, kazi ambayo siku zote alimwachia muuguzi.

"Mngekuja, mzee," alisema.

Tukiwa tunashuka mjomba alikaa kwenye ngazi. Nilidhani ataniuliza kama kweli uvimbe ungeonekana ukiwa mdogo, na nilikuwa nimeandaa uongo wa kumfariji.

"Ungenyamaza tu siku ile," alisema. Hakuwa na hasira. Aliyasema hayo kama mtu anayenielekeza mahali pa kuweka gunia.

Alifariki kabla ya mvua za vuli. Mazikoni nilivua viatu nishuke kaburini kumpokea, nikashikwa bega na shemeji yake. "Wewe kaa huko." Nikasimama nyuma, pamoja na wapita njia waliojiunga kutafuta thawabu.

Miaka imepita, na Kariakoo bado wanasimulia habari za mzee mmoja wa nazi aliyekuwa amepona kabisa, mpaka mpwa wake alipofungua mdomo.