Mama Thérèse na Mazutu Iliyopotea

Mama Thérèse alikuwa mtu wa kuhesabu ndizi mara mbili, hata akiuziwa na dada yake. Kwao Butembo, mfanyabiashara asiyeshuku huitwa mteja. Kwa hiyo mazutu, yaani dizeli, ilipoanza kupungua katika pikapu yake kuukuu, hakujisumbua kuifikiria injini. Alimfikiria dereva wake, Kambere.

Siku zote bidoni moja, dumu lake la mazutu, ilitosha kwenda Kiwanja kuchukua nyanya na kurudi Goma. Sasa iliisha njiani, ikabidi kuongeza lita tano. Na msimu ulikuwa mzuri: tangu Pasaka nyanya zake zilifika sokoni nzima, bila mchubuko, wateja wakimkimbilia. Kumbe wakati yeye anauza, kuna mtu anamnyonya.

"Mafuta yangu inaenda wapi, Kambere?"

"Gari imezeeka, mama."

"Inazeeka litre tano kila safari?"

Kambere aliendesha gari hilo tangu mume wa Thérèse akiwa hai, na maneno yake yalikuwa machache. Zamani Thérèse aliuita ukimya huo adabu. Sasa akajiambia, kikulacho ki nguoni mwako. Akawa anatumbukiza kijiti ndani ya tangi asubuhi na jioni, akikitia alama ya makaa. Jumamosi moja, mbele ya soko zima, alimsogelea Kambere akalinusa shati lake akisaka mazutu. Lilinuka sabuni. Mke wa Kambere, aliyekuwa akiuza vitunguu meza ya pili, aliinamisha kichwa. Hata hivyo Thérèse hakuridhika: mwizi gani hafui nguo? Akampigia simu Prodige, mtoto wa kaka yake, aje Jumatano kuchukua ufunguo awe dereva badala ya Kambere.

Jumanne alipanda mbele mwenyewe, kijiti mapajani, jicho kwa Kambere. Hawakufika mbali. Pale Kibati gurudumu lilitobolewa na msumari, wakasimama kwa Landry, fundi wa kuziba magurudumu kando ya barabara. Landry aliziba, kisha akazunguka akiyapiga teke yale mengine matatu.

"Mama, hizi pine zote zimelala. Gari inajikokota, ndiyo maana inakunywa."

Thérèse alimgeukia Kambere kwa furaha ya mtu aliyemfumania mwizi. "Nani alikutuma kutoa upepo?"

"Ni weye, mama. Baada ya Pasaka. Ulisema tomati zinapondeka, nipunguze upepo gari isirukeruke."

Alikumbuka. Alikumbuka hata kitenge alichovaa siku ile.

"Na mbona haukuniambia?"

"Nilikuambia mara mbili. Ulisema nisikufundishe biashara."

Landry alijaza upepo. Walikwenda Kiwanja, wakarudi Goma alasiri kwa bidoni ile ile, na kijiti kilitoka tangini bado kimelowa. Nyanya za chini zilikuwa zimepondeka. Thérèse hakuzijali. Alirudi kukaa ndani ya gari, karibu na Kambere.

"Prodige hatakuja kesho," alisema akitazama mbele. "Nilikukosea, Kambere. Unisamehe."

"Nimekusamehe, mama." Kambere alichomoa ufunguo, akauweka mapajani mwa Thérèse, kando ya kijiti. "Lakini lile shati, mke wangu ndiye alilifua. Na alikuwa pale."

Akafungua mlango, akashuka, akaenda kwao kwa miguu.